Kamera ya dijitali: Hesabu umri kwa picha, si kwa miaka

WAPIGA picha wengi wa harusi na ubarikio hununua kamera kwa kutazama mwaka wa toleo na usafi wa nje. Kibiashara hilo ni kosa. Umri wa kamera ya kazi, kama wa gari la abiria, hupimwa kwa kazi iliyokwisha kufanya.

Kinachochakaa kwanza mara nyingi ni shata, yaani pazia dogo linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Watengenezaji hutangaza idadi ambayo shata imejaribiwa kufikia: Canon EOS 5D Mark IV ya mwaka 2016 ni picha 150,000, Nikon D850 ya 2017 ni 200,000. Idadi hiyo si dhamana. Zipo zinazokufa mapema na zipo zinazoipita.

Tuchukue mfano, kwa bei za kukadiria. Mpiga picha anafanya shughuli mbili kwa wiki, picha 800 kila moja. Kwa wiki 50 ni picha 80,000. Shata ya 150,000 itamfikisha takriban miezi 22.

Kama kamera mpya ni Sh. 3,000,000, na ikichakaa atauza Sh. 600,000, uchakavu ni Sh. 2,400,000. Gawanya kwa 150,000: kila picha inakula Sh. 16, na kila shughuli Sh. 12,800. Fedha hiyo si faida. Iwekwe kando siku ileile malipo yanapopokelewa.

Sasa anakuja muuzaji na kamera ya aina hiyo iliyotumika, kwa Sh. 1,800,000. Inaonekana rahisi. Lakini imekwisha piga picha 90,000, zimebaki 60,000. Ukitoa Sh. 600,000 za mauzo ya mwisho, kila picha itakula Sh. 20. "Ya bei poa" ndiyo ghali! Ili ilingane na mpya, bei isizidi Sh. 1,560,000.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, piga picha moja papo hapo na uisome kwenye kompyuta. Nikon nyingi huandika idadi ya picha ndani ya faili. Canon nyingi huhitaji programu maalumu. Muuzaji akikataa upimaji, ondoka.

Shata hubadilishwa kwa fundi, hivyo uliza gharama mapema. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wakumbuke pia unyevu: huotesha ukungu ndani ya lenzi. Hifadhi kamera kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, si kwenye begi lenye jasho la ukumbini.

Fungua daftari leo, andika idadi ya picha kila mwisho wa wiki. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.