SOMO LA MADEREVA: GARI LA CHINI NA TOPE



Somo letu la leo ni la madereva na la wote wanaobebwa kwenda kazini. Barabara kuu kutoka Arua hadi Koboko ni ya lami, lakini mashamba mengi hayako kando ya lami. Ukikata kona kuingia vijijini unakutana na udongo mwekundu, na tangu Aprili mpaka Novemba mvua huugeuza kuwa utelezi. Huko ndiko wenzetu hupelekwa kwa magari madogo ya saluni.

Gari kama hilo kwa kawaida huwa na nafasi ya karibu sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Vijana wengine humwambia fundi akate springi ili gari likae chini na kupendeza. Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Mwenye gari anayepakia watu 9 mahali pa watu 5, na magunia juu yake, naye amelishusha gari, ila hakutumia msumeno.

Kwa nini gari la chini hukwama? Tairi hushika ardhi kwa sababu uzito wa gari unaikandamiza. Tumbo likishakalia tope, uzito unahamia tumboni na tairi zinazunguka bure. Madereva wa Ulaya hupatwa na jambo hili hili katika theluji. Hapo kukanyaga mafuta ni kuchimba shimo tu.

Basi tushike haya:

1. Pima nafasi ya chini gari likiwa limekwisha pakiwa, si likiwa tupu.

2. Ukifika kwenye tope, simama pakavu. Shuka, pima kina kwa fimbo. Maji yanayokwenda kasi usiyaingie.

3. Abiria washuke na kuvuka kwa miguu. Gari litainuka.

4. Usifuate mifereji iliyochimbwa na malori. Tairi moja ipite juu ya tuta la katikati, nyingine ukingoni.

5. Ingia kwa gia ya pili, mwendo mmoja. Usibadili gia katikati, wala usifunge breki ghafla.

6. Ukikwama, acha mafuta. Ondoa kwanza tope lililo chini ya tumbo, kisha weka mawe na matawi mbele ya tairi zinazovuta.

7. Wanaosukuma wasisimame nyuma kabisa ya gari mlimani. Likiteleza kurudi, litawakanyaga.

8. Taa ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo.

9. Ukirudi kwenye lami, jaribu breki polepole kabla ya kwenda mbio.

Tulipata kushughulikia shauri moja msimu wa mvua. Dereva alisema gari limejaa mno; akaambiwa aende, au aache kazi. Njiani jiwe likatoboa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili ikamwagika, injini ikafa. Mwenye gari akataka kukata mshahara wa dereva. Tukaenda naye kundi zima, tukamwuliza swali moja: nani alipakia? Abiria walikuwapo kujibu. Makato yakafutwa.

Dereva yule angekwenda peke yake, angelipa. Tena, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba hatari kubwa iko mbele yake. Abiria nao ni wafanyakazi. Wakishuka wote, gari haliendi.

Maswali ya kujadili katika tawi:

(a) Gari linalotubeba hubeba watu wangapi, na lina viti vingapi?

(b) Dereva wetu akikataa kuondoka, nani atasimama naye?

Umoja ni nguvu.