Mafunzo Niliyopata Baada ya Kumtolea Kaka Yangu Ini

1. Ini halichipui pale lilipokatwa. Huko Chennai nilitolewa upande wa kulia, ambao kwa kawaida ni kama asilimia 60 ya ini zima. Upande huo haujarudi wala hautarudi. Kilichobaki ndicho kilichonenepa hadi kukaribia ukubwa wa zamani. Kwenye skani linaonekana limekaa kombo, lakini kazi linafanya.

2. Homoni nazo huathiri ukuaji huo, na ya kwanza niliyoulizwa ni ile niliyokuwa nikimeza mwenyewe. Niliachishwa vidonge vya uzazi wa mpango mapema, kwa sababu estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Wakati huohuo, majaribio ya panya yanaonyesha kwamba estrojeni husaidia ini kukua, na tamoksifeni, dawa inayoizuia, hupunguza kasi hiyo. Homoni moja, faida na hatari!

3. Kongosho lina mkono wake. Damu yake, yenye insulini, hupitia kwenye ini kabla ya kufika kwingine mwilini. Thomas Starzl, aliyejaribu upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963, alionyesha pamoja na wenzake, kwa majaribio ya mbwa, kwamba ini likinyimwa damu hiyo husinyaa, na insulini hulipunguzia madhara hayo. Mimi sikuchomwa insulini. Nilichomwa kidole tu, usiku na mchana, kupima sukari, maana ini, ghala lake, lilikuwa limepunguzwa.

4. Kaka alipewa steroidi, jamaa za homoni ya kotisoli. Kwa wanyama, dozi kubwa hupunguza kasi ya ini kukua. Basi kwa nini apewe? Bila dawa za kutuliza kinga, mwili wake ungelishambulia ini langu. Dozi ilishushwa taratibu, na kipande chake nacho kikakua.

5. Shangazi alisikia kuna sindano ya homoni ya kukuza ini, akaanza kuchangisha. Nia njema. Homoni ya tezi ya shingo, kwa mfano, kweli hufanya chembe za ini la panya zigawanyike hata bila upasuaji. Lakini kwa binadamu ikizidi, moyo huenda mbio. Hakuna homoni ambayo hospitali humpa mtoaji kama tiba ya kawaida ya kukuza ini. Ukiuziwa sindano ya namna hiyo, muulize muuzaji imejaribiwa kwa nani, panya au watu, kisha mpelekee jibu daktari aliyekupasua kabla hujatoa hela.