Foleni Haili Betri, Barabara Wazi Ndiyo Inayoila

Nissan Leaf ya betri ya yuniti 40 ilipozinduliwa Japani mwaka 2017, ilitangazwa kwamba ikijaa chaji inakwenda kilomita 400. Gari hilohilo lilipopimwa kwa kipimo cha WLTP cha Ulaya likapata 270, na Marekani wakaliandikia kilomita 243. Kila nchi ina hesabu zake, lakini tofauti kubwa inatokana na mwendo. Kipimo cha Kijapani cha wakati ule, JC08, kiliiga uendeshaji wa mjini wa kusimama na kuondoka, na kasi yake ya juu kabisa haikuvuka kilomita 82 kwa saa. Kile cha Ulaya hufika 131. Leaf nyingi zinazouzwa Nairobi zimetumika Japani kwanza, kwa hiyo nambari ambayo muuzaji atakutajia ni ile ya 400. (Yuniti ninazozitaja ni zilezile za tokeni unazonunua nyumbani, yaani kilowati-saa.)

Mimi naishi Limuru, kazi yangu iko Nairobi, na wazazi wangu wako Nakuru. Leaf yangu ni hiyo ya yuniti 40, ila betri imeshachakaa kiasi na sasa inashika kama 33 hivi. Kwenye barabara hizo mbili nimeona gari hili likinipa zaidi ya kilomita nane kwa yuniti moja, na nimeliona likinipa nne na ushee. Hali ya hewa na milima vina sehemu yao katika tofauti hiyo. Sehemu iliyobaki, nayo si ndogo, iko mikononi na miguuni mwa dereva, na ndiyo ninayotaka tuizungumzie.

Anayetoka kwenye petroli anakuja na mazoea yake, na zoea la kwanza la kuacha ni hofu ya foleni. Injini ya petroli ikisimama pale Kangemi inaendelea kunguruma na kuchoma mafuta bila kusogea hata hatua moja. Mota ya umeme ikisimama haitumii chochote. Kinachokula ni taa, redio, kompyuta za gari na kiyoyozi. Bila kiyoyozi, saa nzima ya kusimama haifiki nusu ya yuniti. Ukiwasha kiyoyozi kwa kiasi siku ya joto la Nairobi, hesabu yuniti moja kwa saa, yaani umepoteza kilomita sita au saba. Ni kitu, lakini hakitakuacha njiani.

Baridi ndiyo ina gharama zaidi, na sisi watu wa Limuru tunaijua Julai yetu. Hita ya kupasha hewa ya gari zima inaweza kuvuta yuniti tatu au nne kwa saa pale mwanzoni. Kiti chenye joto na usukani wenye joto, ambavyo Leaf nyingi kutoka Japani zinavyo, havitumii hata sehemu ya kumi ya hapo. Mimi asubuhi nawasha kiti, navaa koti, na hita naiacha kwa ajili ya kioo kikishika ukungu. Ukiwa na mtoto mchanga ndani ya gari, washa hita bila kusita. Kilomita kumi hazina thamani mbele ya afya yake.

Sasa njoo barabara kuu. Hapa ndipo betri inapoliwa, na inaliwa na upepo. Nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka 80 kwenda 100, kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini upinzani wa hewa umepanda kwa asilimia 56. Ukienda 120, umekuwa mara mbili na robo ya ule wa 80. Kwenye gari la petroli hasara hii ipo pia, ila haionekani wazi, kwa sababu injini yenyewe inapoteza nishati nyingi kama joto kwa mwendo wowote ule. Mota ya umeme haina uzembe wa kufichia hasara hiyo, kwa hiyo kila kilomita unayoongeza ya kasi unaiona kwenye dashibodi.

Kwenye sehemu tambarare za barabara kati ya Naivasha na Gilgil, bila upepo mkali wa mbele, dashibodi yangu husoma kama kilomita saba kwa yuniti nikikaa kwenye 80. Nikienda 100 inashuka hadi sita au chini kidogo. Kwenye 120 siioni hata tano. Kwa betri yangu ya yuniti 33, hiyo ni tofauti kati ya kilomita 230 na 160. Pima mwenyewe: kwa kilomita 60 za barabara, anayekwenda 100 badala ya 80 anaokoa dakika tisa. Leaf ikilazimika kusimama ichaji kwa sababu ya dakika hizo tisa, atakaa pale zaidi ya nusu saa.

Wengine hunijibu kwamba kwenda 80 ni kujitia hatarini, malori yatakupanda mgongoni. Ndiyo, gari linalotambaa kwa 50 kwenye barabara ya Nakuru ni hatari, na sitamshauri mtu afanye hivyo hata betri ikiwa inaelekea mwisho. Lakini matatu na mabasi yanatakiwa na sheria kuwa na vidhibiti mwendo vya 80 tangu kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki za 2004. Ukikaa kati ya 80 na 90 uko pamoja na wengi walio barabarani. Kaa upande wa kushoto, acha wenye haraka wapite. Na usilifuate lori kwa karibu ili likukinge upepo. Utaokoa umeme kweli, ila siku litakapofunga breki ghafla hutakuwa na nafasi ya kufanya lolote.

Macho kabla ya mguu

Watu husifu sana uwezo wa gari la umeme kujirudishia chaji, na ni jambo la kusifiwa kweli. Ukiachilia kanyagio, mota inageuka kuwa jenereta, gari linapungua kasi, na umeme unarudi kwenye betri. Lakini haurudi wote. Unapotoka betrini kwenda kwenye magurudumu sehemu inapotea, na unaporudi sehemu nyingine inapotea. Kwa jumla, robo hadi theluthi ya nishati unayojaribu kuirudisha haifiki. Kwa hiyo kabla ya kufikiria namna ya kufunga breki, fikiria kama ulihitaji kuongeza kasi hapo mwanzo.

Chukua matuta, maana barabara zetu zimejaa matuta. Gari lenye watu, la uzito wa tani 1.7, likitoka kusimama hadi 80, limebeba ndani ya mwendo wake kama yuniti 0.12, ambayo ni karibu kilomita nzima ya safari. Dereva anayeliona tuta akiwa ameshalifikia atazima mwendo wote huo kwa breki. Akikanyaga kwa nguvu, vitambaa vya breki vinashika na nishati hiyo inaishia kuwa joto kwenye magurudumu. Anayeliona tuta kutoka mbali anaachilia kanyagio mapema, gari linateleza lenyewe, na anafika tutani akiwa na mwendo unaohitajika kulivuka. Wote wawili wamevuka tuta moja, na mmoja wao amelipa kidogo sana.

Kwenye Leaf kuna kipimo cha nguvu mbele ya dereva. Upande mmoja kinaonyesha umeme unaotoka, upande wa pili unaorudi, na katikati kuna sifuri. Hapo katikati ndipo pa kujifunza. Ukiachilia kanyagio nusu tu, alama inakaa kwenye sifuri na gari linateleza bila kula wala kurudisha. Kwenye barabara ndefu yenye mteremko mdogo hakuna namna bora zaidi ya kuendesha.

Ndiyo maana e-Pedal, mfumo wa Leaf wa kuendesha kwa kanyagio kimoja, naitumia mjini na kuizima nje ya mji. Mjini inafaa sana. Mguu mmoja unaongeza na kupunguza, hadi kusimama kabisa, na kila unapopungua kasi betri inapata chake. Kwenye barabara kuu, ukilegeza mguu kidogo tu gari linajishika, kisha inakubidi uongeze tena, na kila kushika na kuongeza kuna hasara yake. Huko tumia gia ya D ya kawaida, na weka B, inayojishika zaidi, kwenye miteremko mikali. Eco acha iwe imewashwa, kwa sababu inalainisha kanyagio na kupunguza njaa ya kiyoyozi.

Kuondoka kwa kishindo nako kunapoteza, ingawa si kama kwenye petroli. Mkondo mkubwa wa umeme hupasha betri na nyaya joto, na joto hilo ni yuniti zilizopotea. Hasara kubwa zaidi inatokana na tabia inayoandamana nako, kwa maana anayeondoka kwa kishindo kwenye taa za Westlands ndiye huyohuyo atakayefunga breki kwa kishindo mita 200 mbele.

Mlima

Hili ndilo ninaloulizwa kidogo, nami naliona kubwa kuliko yote kwa watu wa nyanda za juu. Limuru iko kama mita 2,250 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya Nairobi ni kama 1,700. Kuipandisha Leaf yenye abiria mita 500 kunahitaji yuniti zisizopungua mbili na nusu juu ya zile za barabara yenyewe. Kwa hiyo safari yangu ya jioni hula zaidi ya mara mbili ya ile ya asubuhi, kwa umbali uleule. Anayekaa mjini na kuja Limuru kwa mara ya kwanza hushtuka akiona asilimia zinavyoshuka baada ya Kikuyu. Asishtuke. Akigeuza gari atarudishiwa sehemu kubwa ya alichotoa.

Atarudishiwa iwapo betri ina nafasi ya kupokea. Betri iliyojaa haipokei chaji, na gari likiwa limejaa asilimia 100 linakataa kurudisha umeme. Ukiachilia kanyagio hulioni likijishika kama ulivyozoea, na mteremko wote unaushuka kwa breki za kawaida. Umepoteza umeme wa bure, umechosha vitambaa, na gari linakwenda tofauti na unavyolijua. Kwa hiyo mimi nikichaji nyumbani usiku naweka saa ya chaja izime mapema, betri ikiwa kama asilimia 85. Asubuhi nateremka, na mara nyingi asilimia hazibadiliki kabla ya kufika Uthiru. Zaidi ya hayo, betri isiyokaa imejaa pomoni kila siku huishi muda mrefu. Wewe unayekaa juu ya mteremko, iwe Limuru, Ngong au Lushoto, usijaze gari nyumbani ila kama una safari ndefu.

Kwenda Nakuru hesabu inageuka. Barabara inaendelea kupanda kupita Uplands hadi Kinale kabla ya kuporomoka kuelekea Naivasha. Ukitazama asilimia ukiwa Kinale utadhani hufiki, na ukitazama tena Naivasha utatulia. Nakuru iko chini ya Limuru kwa mita kama 400, kwa hiyo kurudi ndiko kugumu. Asilimia zilizokupeleka hazitoshi kukurudisha. Chaji Nakuru zaidi ya zile ulizotumia kwenda.

Usiamini sana nambari ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi. Inakisia kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka kushuka mlima itakupa ahadi kubwa, na ukitoka kupanda itakutisha. Tazama asilimia, tazama kilomita kwa yuniti, fanya hesabu yako.

Kuhusu tairi sina mengi. Upepo ukipungua, gari linakuwa zito na betri inalipa. Kijana wa kituo cha mafuta atakuuliza, "Boss, niweke thelathini?" kwa sababu magari mengi ndivyo yanavyowekwa. Mwonyeshe kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva na umwambie aweke hicho kilichoandikwa, tairi zikiwa baridi. Keria ya juu ya paa iondoe kama huitumii. Mvua kubwa na upepo wa mbele vina gharama na huna la kufanya ila kupunguza mwendo. Leaf hii haina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo kukimbia 120, kisha chaji ya kasi, kisha 120 tena kunaipandisha joto hadi gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji. Kuna alama ya joto la betri kwenye dashibodi. Iangalie kabla ya kuchomeka.

Kama unafikiria kununua moja ya magari haya, mwombe muuzaji akuachie uliendeshe kwenye barabara unayoipita kila siku, kwenda na kurudi, kwanza kwa 80, kisha kwa 100. Futa kipimo cha wastani kabla ya kuondoka, soma kilomita kwa yuniti ukirudi, uzidishe kwa yuniti ambazo betri yake inashika kweli, kisha utoe asilimia 15 za akiba. Kinachobaki ndicho umbali wa gari hilo mikononi mwako. Kikitosha safari zako, linunue.