Siku Kumi, Kisha Miaka Mitatu

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:5–21, Danieli 10:1–3, Marko 6:30–32, Mithali 24:16, Wafilipi 2:12, 13.

Fungu la kukariri: Danieli 1:8.

Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Nyuma yake ni milima mikali, mbele yake ni maji. Kwa miaka mingi njia kuu ya kwenda Kigoma mjini imekuwa boti. Mgonjwa akizidiwa usiku ziwa likiwa limechafuka, familia hubaki ikitazama mawimbi na kuomba. Kiharusi hakisubiri upepo utulie. Kwa kaya ya mahali kama hapo, suala la kula, kupumzika na kuutunza mwili si mazungumzo ya watu wenye nafasi.

Wala shida si kukosa mafundisho. Semina ya afya ikifanyika, washiriki huinua mikono na kuahidi kupunguza chumvi, kuacha soda, kulala mapema. Baada ya majuma machache sufuria inarudi kuwa ile ile. Je, nini hulifanya badiliko lidumu?

Ombi dogo la Danieli

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alifanya nini mkuu wa matowashi alipoonesha hofu?

Mara nyingi tunahubiri uthabiti wa Danieli na kupita haraka mahali alipotumia busara. Mkuu wa matowashi alimpenda, lakini aliogopa kupoteza kichwa chake. Danieli hakugomba naye. Alikwenda kwa msimamizi aliyegawa chakula, mtu wa ngazi ya chini lakini mwenye sufuria mikononi, akamwomba jambo linalowezekana: jaribio la siku kumi. Siku kumi zilipokwisha, msimamizi aliendelea kuwapa vyakula vya mimea, na mafunzo yao yalikuwa ya miaka mitatu (fungu la 5). Tena hakuwa peke yake. Walikuwa wanne mezani.

Mambo hayo mawili, hatua ndogo na wenzi wa kutembea nao, ndiyo yanayokosekana katika maazimio mengi. Baba anaazimia kuacha chumvi nyingi bila kumwambia mkewe anayepika. Mama anabadili chakula cha nyumba nzima kwa siku moja, na ifikapo Jumatano watoto wanakula kwa jirani.

Giza na mbalamwezi

Uvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Katika giza wanaume hukesha ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mwezi mmoja una maisha mawili. Wakati wa giza usingizi ni wa mchana, chakula ni cha haraka, chai ina sukari nyingi, na fedha ipo mfukoni. Wakati wa mbalamwezi kuna muda, lakini fedha imepungua na vijiwe vina watu. Azimio lililopangwa kana kwamba siku zote zinafanana huvunjika giza la kwanza linapoingia. Mvuvi anahitaji mipango miwili: maji safi na chakula kilichopikwa nyumbani vya kubeba kwenye mtumbwi, na saa ya kulala mchana inayoheshimiwa na watoto wa nyumba, kisha, mbalamwezi ikifika, kurudisha usingizi wa usiku.

Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa wavuvi, na ni Yeye aliyewaita waende kando wapumzike, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo (Marko 6:31). Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ikiwa samaki wanahitaji kupumzishwa, vipi mvuvi?

Kuhusu chakula, hakuna haja ya kukilaani chakula cha nyumbani. Ugali wa muhogo, maharage, mboga za majani na matunda ni meza njema. Mawese mekundu yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu katika damu, na yakichemshwa mpaka yapoteze wekundu, ule uzuri nao hutoweka. Yatumike kwa kijiko, si kwa kumimina. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki wa chumvi.

Mazoezi? Mama anayepanda mlima kwenda shambani na kushuka na mzigo hahitaji kuambiwa akimbie. Anahitaji kusaidiwa mzigo. Anayehitaji kutembea ni mwenye duka anayekaa kutwa, na yule kijana aliyehamia Kigoma mjini na kupanda bodaboda hata kwenda kanisani. Dakika 150 za kutembea kwa haraka katika juma zinamtosha kuanzia. Na anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia.

Miaka thelathini na moja

Ellen G. White alipokea njozi kuhusu matengenezo ya afya tarehe 6 Juni 1863, huko Otsego, Michigan. Alibadili meza yake, na mwanzoni mwili ulimgomea; alikuwa mpenzi wa nyama, na mkate mtupu haukumpendeza. Baadaye, safarini au alipokosa mpishi anayeweza chakula kingine, nyama ilirudi mara kwa mara. Aliiondoa kabisa mezani baada ya mkutano wa makambi wa Brighton, Australia, mwaka 1894, na mmoja wa waliomgusa moyo alikuwa mwanamke Mkatoliki aliyemsihi kuhusu mateso ya wanyama. Hakuficha historia hiyo.

Soma Mithali 24:16 na Wafilipi 2:12, 13. Mafungu haya yanamwambia nini aliyerudia kileo, au soda, au chumvi, na sasa anaona haya kuja Sabato?

Maswali ya kujadili

1. Nani ndiye “msimamizi” wa chakula nyumbani kwako? Umewahi kumwomba jambo gani lililo dogo na lenye siku zinazohesabika?

2. Katika Danieli 10:1–3, Danieli ni mzee. Tunajifunza nini kuhusu meza yake kutokana na vitu alivyojinyima kwa majuma matatu?

3. Darasa lenu liwataje, bila kuwaaibisha, washiriki wanaotumia dawa za kila siku. Nani atawasindikiza kliniki mwezi huu, na nauli ya boti itatoka wapi?