SOMO LA GARI LA SHAMBANI: KABURETA AU INJEKTA?

Mkulima mmoja wa hapa Chepseon alifika ofisini kwetu na swali. Anayo pikapu ya Peugeot 504, ya aina zilizokuwa zikiunganishwa Mombasa. Asubuhi haitaki kuwaka, hutoa moshi mweusi, na ikipanda mlima na magunia ya majani ya chai hukohoa kama mgonjwa. Siku moja ilisimama njiani mpaka majani yakapata joto ndani ya magunia na kuwa mekundu. Kazi ya siku nzima ikapotea. Sasa ameambiwa aondoe kabureta na kutia injekta za umeme. Je, ni shauri jema? Naona wengi wana swali hilo hilo, basi na tujifunze pamoja.

Kabureta hufanyaje kazi?

Pistoni ikishuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, na hapo huvuta petroli kutoka katika tundu dogo liitwalo jeti. Ili petroli iungue vizuri, ratili moja yahitaji karibu ratili 15 za hewa. Lakini ukubwa wa jeti haubadiliki. Mombasa, kando ya bahari, hewa ni nzito. Hapa kwetu, juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi. Imepungua kama sehemu moja katika tano. Jeti haijui habari hiyo. Petroli huzidi hewa, plagi huwa nyeusi, nguvu hupungua, na fedha yako hutoka kwa bomba la moshi.

Injekta hufanyaje kazi?

Injekta ni mdomo mdogo unaofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Kompyuta ndogo hupima kani ya hewa inayoingia, joto la injini, na mwendo wake, kisha huamua injekta ifunguke kwa muda gani. Katika bomba la moshi huwekwa sensa ya oksijeni, ambayo hukagua kama petroli imezidi au imepungua. Kabureta ni kama mtu anayekisia uzito wa gunia kwa macho. Injekta ni karani mwenye mizani.

Jambo lenyewe si geni Afrika ya Mashariki. Peugeot 404 iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, ilikuwa na injekta, ila ziliendeshwa na pampu ya chuma bila kompyuta. Siku hizi mtambo wa umeme huuzwa ukiwa tayari, na aina nyingine hufungwa pale pale ilipokuwa kabureta.

Mambo ya kufanya kwa utaratibu

1. Ponya injini kwanza. Pima nguvu ya kila silinda, plagi, pointi na taimingi. Safisha filta ya hewa. Tafuta mahali panapovuta hewa chini ya kabureta. Injekta haiponyi pistoni iliyochakaa. Itaipimia mafuta tu.

2. Safisha tangi. Kutu kidogo ambayo kabureta ilivumilia itaziba injekta. Tia filta mpya.

3. Badili pampu na mabomba. Pampu ya kabureta husukuma kwa ratili kama 5 kwa kila inchi ya mraba. Ya injekta hufika ratili 40 hadi 60. Hapa ndipo penye hatari. Fundi mmoja aliacha mpira wa zamani katika gari langu. Nikiwa barabarani nilisikia harufu ya petroli, nikasimama, nikakuta mpira umepasuka karibu na bomba la moshi lililo moto. Watoto wangu wawili walikuwa nyuma ya gari. Tangu siku hiyo sikubali mpira usioandikwa kuwa ni wa injekta. Ikiwa mtambo wako wahitaji bomba la kurudisha mafuta katika tangi, liwekwe. Tena hakikisha pampu inazimika injini inapozimika.

4. Angalia umeme. Kompyuta na pampu hutaka umeme usioyumba. Gari lenye dainamo ya zamani litiwe altaneta, na nyaya za kwenda kwenye bodi zisafishwe.

5. Chomelea mahali pa sensa kabla ya kufunga kompyuta, na uondoe waya wa betri. Bomba la moshi lisiwe na tundu mbele ya sensa, kwa kuwa hewa ya nje itaidanganya, na kompyuta itaongeza petroli bure. Kwa bahati njema petroli ya Kenya haina risasi tangu mwaka 2006, maana risasi huharibu sensa hiyo.

Je, ubadili?

Ikiwa gari lako halitoki milima hii, fundi mwema aweza kutia jeti ndogo zaidi kwa gharama ndogo, na shida ikaisha. Lakini jeti hiyo ndogo ukishuka nayo Kisumu au Mombasa, petroli itakuwa haba, injini itapata joto kupita kiasi, na vali zaweza kuungua. Mwenye kusafiri juu na chini ndiye atakayeona faida ya injekta.

Mkulima wetu alirudi nyumbani akaanza na jambo la kwanza. Alikuta pointi zimekwisha na filta imejaa vumbi. Akabadili hivyo na jeti, na sasa majani yake hufika kituoni yakiwa mabichi. Injekta anazingoja bado, naye hana haraka.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini gari lililotengenezwa vizuri Mombasa hutoa moshi mweusi Chepseon?
2. Kwa nini mpira wa zamani ni hatari kwa pampu ya injekta?
3. Ni nani atosheke na jeti ndogo, na ni nani afikirie injekta?