Sokoni Ngara na Biharamulo: Jua Kipimo Kabla ya Bei

Biashara ya huku ni ya zamani kuliko boma la Wajerumani la Biharamulo. Majembe ya wafuaji chuma Warongo wa Buzinza yaliuzwa mpaka Usukumani, na chumvi ya Uvinza ilisambaa nchi za maziwa makuu vichwani mwa wachukuzi. Leo watu wanafuata maharage, ndizi na dagaa. Iwe unatokea Nyabusozi kwenda Biharamulo mjini, au unashuka Kabanga mpakani mwa Burundi, mbinu hizi zitakufaa.

Zunguka kwanza. Fika asubuhi, mizigo inaposhushwa. Salimia, uliza bei kwa wauzaji watatu au wanne, usinunue bado. Uliza pia bidhaa imetoka wapi. Aliyelima mwenyewe atakueleza imevunwa lini. Mchuuzi mara nyingi hajui.

Linganisha vipimo. Mmoja atakutajia bei ya sado, mwingine ya debe. Sado ni kopo la rangi la lita 4, debe ni lita 20, hivyo debe moja ni sado tano. Zidisha kwanza, ndipo uamue nani ana nafuu. Kisha ligeuze kopo utazame kitako chake: kilichobonyezwa kuingia ndani kinakupunja kila linapojazwa. Angalia pia kama linajazwa mpaka kufura au linasawazishwa mdomoni. Kipimo kikishakuridhisha, ndipo useme, "Mama, nipunguzie kidogo." Akigoma kushusha bei, omba nyongeza; wengi watakutupia konzi moja juu.

Maharage. Yaliyo juu ya gunia hupangwa yapendeze. Zamisha mkono mpaka chini, toa konzi, uitandaze kiganjani. Maharage mapya yanang'aa; ya zamani yamefifia rangi na yatakumalizia kuni. Ukiona vitundu au unga, wadudu wameshaingia.

Ndizi za kupika. Chagua mkungu wenye ndizi zilizojaa, ambazo kingo zake zimeanza kuviringika. Mkungu ulioiva huku na kule, ndizi nyingine zikiwa bado changa, utilie shaka. Mwombe muuzaji akate ndizi moja: ukiona madoa ya rangi ya kutu ndani, huenda ni mnyauko wa migomba, ugonjwa uliotesa mashamba ya Kagera tangu miaka ya 2000. Usiununue, na usibebe majani wala maganda yake kuyapeleka shambani kwako.

Dagaa na senene. Dagaa wazuri wa Ziwa Victoria wana rangi ya fedha na ni wakavu. Wasugue kiganjani, mchanga ukibaki, walianikwa chini badala ya kwenye chanja. Senene hupatikana kwa wingi Novemba na Desemba. Nunua waliokwisha kunyonyolewa mbawa na miguu, uwanuse kabla ya kulipa: harufu ya mafuta yaliyochacha inatosha kukuondoa hapo.

Kula. Tafuta mama lishe ambaye wapakiaji wa mizigo wanakula kwake, maana hao hawana muda wa chakula kibaya. Agiza ndizi na maharage, au ugali wa muhogo na dagaa. Kaa kabla ya saa saba mchana, sufuria zikiwa bado motoni. Hakikisha chakula ni cha moto na maji ya kunawa yanamiminwa, si beseni moja la wote.

Mpakani. Kabanga utasikia Kihangaza na Kirundi, lugha zinazokaribiana sana, na Kiswahili kinawaunganisha wote. Badilisha faranga za Burundi kwenye duka la fedha lenye leseni, si barabarani. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani aulize forodhani kuhusu cheti rahisi cha uasilia. Bidhaa zilizomo kwenye orodha ya cheti hicho hazitozwi ushuru wa forodha, ingawa tozo nyingine zinaweza kuwepo.

Mwisho, ukinunua kwa gunia shambani, usidai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ni kinyume cha Sheria ya Vipimo, na anayeumia ni mkulima aliyekesha na mvua. Dai kipimo kamili unaponunua sado moja, na kipimo hichohicho umpe mkulima unaponunua magunia kumi.