Mafuta Chini ya Bahari na Usafi wa Maji



Jumapili moja tulipotoka ibadani tulikaa kidogo chini ya mwembe, na mzee mmoja ambaye maisha yake yote yamekuwa ya uvuvi akaniuliza hivi: "Mwalimu, hao wanaotafuta mafuta na gesi kule kwenye maji makuu, wakiyapata, sisi tutavua nini?" Nilimjibu upesi kwamba siku hizi kuna sheria. Mzee alinitazama tu, akanyamaza. Nilipokuwa nafundisha chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo wangu mara nyingi kwamba jibu la haraka ni deni. Basi leo nataka kulilipa deni hilo.

Itatubidi twende mbali, mpaka Bahari ya Kaskazini, iliyo kati ya Uingereza na Norwei. Huko mafuta yamechimbwa baharini kwa zaidi ya miaka 50. Mahali paitwapo Ekofisk, upande wa Norwei, yaligunduliwa mwaka 1969 na kuanza kutolewa mwaka 1971. Watu wa huko wamekosea, wameumia na wamejifunza, na makosa yao yameandikwa vitabuni. Si lazima kila mtu ajifunze moto kwa kuungua yeye mwenyewe.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu huliogopa, yaani kisima kufoka. Mafuta yaliyo chini ya mwamba yamebanwa kwa nguvu nyingi sana. Ukiyatobolea njia bila kuyazuia, yatapanda yenyewe. Tarehe 22 Aprili 1977, kwenye jukwaa la Bravo huko Ekofisk, mafundi walikuwa wanakitengeneza kisima. Kifaa cha usalama kilichotiwa ndani yake hakikuwa kimefungwa sawasawa. Mafuta yalifoka kwa muda wa siku 8 kabla ya kuzuiwa. Kwa bahati hakufa mtu, na mawimbi na upepo viliyavunjavunja mafuta kabla hayajafika pwani.

Ghuba ya Mexico haikuwa na bahati hiyo. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka, wakafa watu 11. Saruji iliyotiwa kuziba kisima haikuziba. Kipimo kilichofanywa kuhakikisha kilisomwa vibaya. Na chombo kikubwa kilichowekwa chini kabisa, juu ya mdomo wa kisima, ili kukibana wakati wa hatari, hakikubana. Mdomo huo ulikuwa kwenye kina cha meta 1,500 hivi, ambako mpiga mbizi hawezi kufika. Mafuta yalimwagika kwa siku 87. Wataalamu wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba yalitoka mapipa kama milioni 4.9.

Ndiyo sababu Wanorwei wana kanuni ya vizuizi viwili. Kati ya mafuta na bahari lazima pawe na vizuizi viwili, kila kimoja kinajitegemea na kila kimoja kimepimwa. Ni kama nyumba yenye komeo na kufuli. Kufuli likiharibika, hulali ukisema komeo lipo; unalitengeneza kufuli kwanza. Kanuni hii ni rahisi kuisema. Ugumu wake ni kwamba kusimamisha kazi kwa siku moja ni gharama kubwa, na mwenye kampuni ana haraka. Kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine, asiyekula faida ya kisima, mwenye mamlaka ya kusema, "Simamisheni."

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo halitangazwi sana redioni, nami naliona kubwa zaidi kwa mvuvi kuliko hayo ya milipuko. Kisima cha mafuta hakitoi mafuta matupu. Hutoa pia maji ya chumvi yaliyokaa pamoja na mafuta ndani ya mwamba tangu zamani sana. Kisima kikiwa kichanga maji huwa machache. Kikizeeka, maji huweza kuyazidi mafuta mara nyingi. Maji hayo yatapelekwa wapi? Kwa kawaida husafishwa palepale jukwaani, kisha hurudishwa baharini.

Hebu fanya jaribio nyumbani pamoja na watoto. Chukua chupa, tia maji nusu, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, ziba, tikisa kwa nguvu. Utaona matone madogo yametapakaa kila mahali. Ukiiacha chupa itulie, mafuta makubwa yatapanda juu, lakini maji ya chini yatabaki na ukungu kwa muda. Ukungu huo ndio shida. Jukwaani maji hutulizwa kwanza kwenye matangi, kisha hupitishwa katika mabomba membamba yanayoyazungusha kwa kasi kubwa: maji, kwa kuwa ni mazito, hukimbilia ukutani, na mafuta mepesi hukusanyika katikati, yakatolewa kwa njia yake.

Nchi za upande ule zina mkataba uitwao OSPAR, uliotiwa sahihi Paris mwaka 1992 na kuanza kutumika mwaka 1998. Chini ya mkataba huo, maji yanayorudishwa baharini yasizidi miligramu 30 za mafuta kwa kila lita. Ni kidogo sana, utasema. Tufanye hesabu. Tuseme jukwaa moja linamwaga meta za ujazo 10,000 za maji kwa siku. Hizo ni lita 10,000,000. Zidisha kwa miligramu 30, upate miligramu 300,000,000, ambazo ni kilo 300. Kila siku! Kwa mwaka ni karibu tani 110, na jukwaa halijavunja sheria hata siku moja. Tena kipimo hicho huhesabu matone tu. Vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kama chumvi inavyoyeyuka, havimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana nchi hizo hazikutosheka na kipimo kimoja, bali huangalia pia sumu iliyomo katika maji yote kwa jumla.

Njia iliyo bora, pale mwamba unaporuhusu, ni kuyasukuma maji hayo yarudi chini yalikotoka. Hapo hupatikana faida mbili: bahari haichafuki, na maji huyasukuma mafuta yaliyobaki yapande. Madawa nayo, maana jukwaani hutumika madawa mengi ya kuzuia kutu na kutenganisha mafuta, Norwei imeyapanga kwa rangi: meusi, mekundu, ya manjano na ya kijani. Meusi kwa kawaida hayaruhusiwi kumwagwa, na mekundu yanatakiwa yatafutiwe badala yake. Sisi walimu tunaifahamu kazi ya wino mwekundu.

Kuna na uchafu wa kuchimba. Kekee inapotoboa mwamba hupakwa tope maalumu ili isipate moto na ili chenga za mwamba zipande juu. Zamani tope hilo lilichanganywa na mafuta, na chenga zilitupwa chini ya jukwaa. Vichuguu vya chenga hizo vipo mpaka leo kwenye sakafu ya Bahari ya Kaskazini, na viumbe wa tope waliathirika hata kilometa kadhaa kutoka jukwaani. Tangu mwaka 2000 mkataba umekataza kutupa chenga zenye mafuta kuzidi asilimia 1 ya uzito wake.

Na hayo yote yanajulikanaje? Kwa kukagua. Huko Norwei bahari imegawanywa katika mikoa, na kila mkoa huchotwa tope la chini kila baada ya miaka mitatu, karibu na majukwaa na mbali nayo. Tope linachekechwa, minyoo na kome wadogo wanahesabiwa, aina kwa aina. Kampuni ndizo zinazolipa, lakini wanaohesabu ni wataalamu wa nje na matokeo yanawekwa wazi. Jambo moja lishike sana: hesabu ya kwanza hufanywa kabla ya kuchimba. Bila hiyo, baadaye mvuvi atasema samaki wamepungua, kampuni itasema ndivyo walivyokuwa, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Habari za gesi inayowashwa juu ya jukwaa kama mwenge nitazipita upesi. Norwei hairuhusu kuichoma hovyo ila kwa ajili ya usalama, na tangu mwaka 1991 hutoza kodi kwa hewa ya ukaa. Kodi hiyo ilizaa matunda: tangu mwaka 1996, kwenye kisima cha gesi cha Sleipner, hewa hiyo imekuwa ikisukumwa chini ya sakafu ya bahari badala ya kuachwa ipae, na kwa miaka mingi ilikuwa kama tani milioni moja kwa mwaka.

Lakini kisa cha Brent Spar sikipiti. Hilo lilikuwa tangi kubwa mno la kuhifadhia mafuta, lenye kuelea, mali ya kampuni ya Shell. Lilipokwisha kazi, kampuni ilipata ruhusa ya serikali ya Uingereza kulizamisha katika Atlantiki. Mwaka 1995 watu wa Greenpeace walilipanda na kulikalia. Huko Ujerumani watu walikataa kununua petroli ya Shell. Mwezi wa Juni kampuni ilikubali kushindwa. Tangi lilipelekwa Norwei, likakatwa, na vipande vyake vikatumika kujenga gati. Mwaka 1998 nchi za OSPAR zilikataza kuzamisha au kuacha baharini mitambo iliyokwisha kazi, isipokuwa ile mizito mno, kwa ruhusa ya pekee.

Hata hivyo Greenpeace wenyewe walikuwa wamekosea sana hesabu ya mafuta yaliyobaki ndani ya tangi, na mwezi wa Septemba wakaomba radhi hadharani. Mimi nawasifu kwa kuomba radhi. Lakini naonelea pia kwamba anayemtetea mnyonge kwa takwimu mbovu anamwachia adui silaha.

Turudi nyumbani. Kwetu gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inafika Dar es Salaam kwa bomba. Tangu mwaka 2010 imepatikana nyingine nyingi katika kina kirefu. Gesi haigandi kwenye mikoko kama mafuta mazito, hiyo ni nafuu. Lakini maji ya kisima, madawa na chenga za mwamba vipo vilevile. Mafuta nayo yana njia yake: bomba la kilometa 1,443 la kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, Tanga, mahali pa kupakia meli. Sheria zipo. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari ya upande wetu ni wa mwaka 1985, na Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zitathminiwe kabla ya mradi kuanza, na wananchi wasikilizwe.

Kwa hiyo mzee wangu, jibu langu la kwanza halikuwa la uongo, ila lilikuwa nusu. Siku watakapokuja kufanya mkutano kijijini, usiulize kama kuna sheria. Uliza nani amehesabu samaki na viumbe wa chini sasa hivi, na karatasi hiyo iko wapi. Uliza maji ya kisima yatakwenda wapi. Uliza kisima kikifoka, chombo cha kukizuia kitatoka bandari gani na kitachukua siku ngapi kufika. Majibu yaandikwe, na nakala ibaki kijijini.

Maswali kwa vikundi:

Rudieni ile hesabu ya jukwaa, mkitumia miligramu 15 badala ya 30. Je, mngeridhika?

Katika kijiji chenu, ni nani anayekumbuka samaki walivyokuwa miaka 20 iliyopita, na je, kuna aliyeandika?